Pointi za simu darasani: ziunganishe watoto, zisiwagawe



Katika mikutano yetu na komite za wazazi, kuna swali ambalo limeanza kurudi mara kwa mara. Wazazi wanasikia kwamba ziko programu za simu ambazo mwalimu anaweza kutumia ili kuhesabu tabia ya kila mtoto. Huyu amemsaidia mwenzake, anapata pointi moja. Yule amepiga kelele, pointi moja inaondolewa. Kuna wanaofurahi wakisema kwamba labda simu itachukua nafasi ya fimbo. Kuna pia wanaoogopa, kwa sababu wanajua orodha ya majina inavyoweza kutumiwa vibaya katika nchi iliyoona vita. Wote wanastahili maelezo ya wazi.

Katika makala hii tutaeleza vyombo hivi vinafanya kazi namna gani, fikra yake ilitoka wapi, faida yake ni nini, na hatari zake ni zipi kwa familia zilizohama makwao. Mwishoni tutaonyesha namna mwalimu mwenye simu moja tu, au asiye na simu kabisa, anavyoweza kuchukua sehemu iliyo nzuri na kuacha ile inayogawa watu.

Kwa nini nidhamu ya darasani ni jambo la amani?

Mwezi wa Oktoba 2023, shirika la kimataifa la uhamiaji, IOM, lilitangaza kwamba watu karibu milioni 6.9 walikuwa wamehama makwao ndani ya Kongo, wengi wao wakiwa katika majimbo ya mashariki. Mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi za pembeni ya Goma kama vile Bulengo na Kanyaruchinya zilivunjwa, na maelfu ya familia zikaondoka tena. Kila familia inapohama, watoto wanabadilisha shule, mwalimu, marafiki, na mara nyingine hata lugha ya kuchezea.

Wakati huohuo, shule zenyewe zimejaa. Katiba ya Februari 2006 ilisema kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Jambo hilo lilianza kutekelezwa kweli mwezi wa Septemba 2019, na watoto wengi waliokuwa nyumbani wakaingia shuleni. Lilikuwa jambo jema. Lakini pale ambapo madarasa hayakuongezwa, mwalimu alijikuta mbele ya watoto wengi kuliko anaoweza kuwaita kwa majina.

Hivyo, kwenye benchi moja wanakaa mtoto wa mwenyeji na mtoto aliyekuja jana. Wakigombania kalamu, ugomvi unaweza kuishia palepale. Unaweza pia kufika nyumbani jioni, na wazazi wakaanza kusema "watoto wenu" na "watoto wetu". Viongozi wengi wanaosoma gazeti hili wamekwisha kuketi kusuluhisha maneno yaliyoanzia shuleni. Ndiyo sababu namna mwalimu anavyotunza utaratibu darasani si jambo la mwalimu peke yake.

Kwa muda mrefu chombo cha kutunza utaratibu kilikuwa fimbo, kupiga magoti, au kufukuzwa. Lakini Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, unasema kwamba nidhamu ya shule iendane na heshima ya mtoto kama binadamu. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto nayo inadai kwamba mtoto atendewe kwa utu anaporudiwa, shuleni na nyumbani. Walimu wengi wanajua hayo, lakini wanatuuliza: "Mkituondolea fimbo, mnatupa nini?" Ni swali la haki, nasi tunapaswa kulijibu.

Programu hizi zinafanya nini?

Programu inayojulikana zaidi duniani inaitwa ClassDojo. Ilianzishwa mwaka 2011 na Sam Chaudhary na Liam Don, na makao yake yako San Francisco, Marekani. Mwalimu anaandika majina ya wanafunzi katika simu, tableti au kompyuta. Kila mtoto anapewa picha ndogo ya kuchekesha kama kijidudu. Mwalimu anachagua tabia anazotaka kuzitazama, kwa mfano kusaidia mwenzake, kufanya kazi kwa bidii, au kushirikiana katika kikundi. Mtoto akifanya jambo hilo, mwalimu anagusa picha yake, simu inalia, na pointi inaongezeka. Mwalimu akitaka, anaweza pia kuweka pointi za makosa. Mzazi mwenye simu ya intaneti anaweza kufuata kutoka nyumbani na kuandikiana na mwalimu.

Faida yake inaonekana upesi. Kwanza, inamkumbusha mwalimu kutazama mema. Darasa likijaa, jicho la mwalimu linavutwa na anayesumbua, na mtoto mtulivu anaweza kumaliza juma zima bila kusikia jina lake. Pili, inampa mtoto jibu palepale, si mwisho wa muhula. Tatu, inaweza kumletea mzazi habari njema, wakati wazazi wengi wamezoea kuitwa shuleni kwa ajili ya deni au kosa tu.

Fikra hii ni ya zamani kuliko simu

Mtu asidhani kwamba bila mashine jambo hili haliwezekani. Mwaka 1969, watafiti watatu wa Kansas, Marekani, yaani Harriet Barrish, Muriel Saunders na Montrose Wolf, walieleza mchezo walioujaribu katika darasa la watoto 24 wa mwaka wa 4. Tunaweza kuuita Mchezo wa Tabia Njema. Waligawa darasa katika vikundi viwili. Mtoto akiondoka mahali pake bila ruhusa au akisema ovyo, kikundi chake kiliandikiwa alama ubaoni. Kikundi chenye alama chache kilishinda, na vikundi vyote viwili viliweza kushinda pamoja vikibaki chini ya kiasi kilichowekwa. Zawadi zilikuwa za kawaida, kama vile kupewa muda wa kufanya mambo wanayoyapenda. Fujo ilipungua sana. Mchezo uliposimamishwa kwa muda, fujo ilirudi. Ulipoanza tena, ikapungua tena.

Baadaye, kuanzia mwaka 1985, mchezo huo ulijaribiwa katika shule za mji wa Baltimore, na watafiti wakawafuata watoto hao hadi walipokuwa vijana wa miaka 19 hadi 21. Kati ya wavulana waliokuwa wagomvi zaidi tangu utotoni, wale waliocheza mchezo huo walionekana kuwa na shida chache zaidi za madawa ya kulevya na za ukorofi kuliko wale wa madarasa mengine. Lakini tusiseme kwamba ni dawa ya kila kitu. Katika jaribio kubwa lililofanywa katika shule 77 za msingi huko Uingereza, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2018, mchezo huo haukuongeza uwezo wa watoto wa kusoma.

Kuna fundisho jingine ambalo lazima tulijue kabla ya kugawa zawadi. Mwaka 1973, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walifanya jaribio katika shule ya watoto wadogo huko California. Walichagua watoto waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti kizuri kama wangechora. Wengine walipewa cheti bila kuahidiwa, na wengine hawakupewa kitu. Baadaye, watoto walipoachwa wachague wenyewe la kufanya, wale walioahidiwa cheti walichora kwa muda wa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Kuchora kwao kulikuwa kumekuwa kazi ya malipo. Basi, mtoto tukimlipa kila mara anapomgawia mwenzake maji, anaweza kufikiri kwamba maji hayagawiwi pasipo malipo. Zawadi inaweza kufungua njia, lakini haifai kuwa njia yenyewe.

Hatari tano kwa shule zetu

Programu hizi zilitengenezwa kwa madarasa yenye umeme, yenye watoto wachache, na kwa familia zinazolala mahali pamoja mwaka mzima. Zikiletwa kwetu jinsi zilivyo, tunaona hatari tano.

1. Kuadhibu vita badala ya kosa. Mtoto amechelewa: je, alikuwa anacheza, au alikuwa kwenye foleni ya maji? Amelala darasani: je, ni uvivu, au hajala tangu jana? Hajibu: je, ni kiburi, au hajaelewa lugha ya shule mpya? Ameruka na kukimbia mlango ulipogongwa kwa nguvu: je, ni fujo, au amekumbuka sauti aliyoikimbia? Simu haijui tofauti. Ukimwondolea mtoto huyo pointi, unamwadhibu kwa yale aliyotendewa na wengine.

2. Aibu mbele ya wote. Pointi zikiandikwa ubaoni kwa majina, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, watu watasoma zaidi ya tabia. Kama majina ya chini ni mengi ya watoto waliohama, wenyeji watasema: "Mnaona, hao ndivyo walivyo." Kama majina ya chini ni ya kabila moja, maneno yatakuwa mabaya zaidi. Mwalimu hakukusudia hivyo, lakini orodha imekwisha kuzungumza.

3. Upendeleo usioonekana. Mwalimu naye ni mtu. Anaweza kuona haraka zaidi wema wa mtoto anayemfahamu na kosa la mtoto mgeni. Mashine haiondoi upendeleo huo. Inauvika nguo ya hesabu, na watu wanaheshimu hesabu. Mzazi anayelalamika anaambiwa: "Simu ndiyo imesema." Simu haikusema kitu. Ni mwalimu aliyegusa.

4. Siri za familia. Jina la mtoto, picha yake, jina la mzazi, kijiji alikotoka na namba ya simu, vyote vikiwa mahali pamoja, ni habari kubwa. Simu inaweza kuibiwa, kupotea, au kutazamwa kwenye kizuizi cha barabarani. Hata katika nchi zenye amani, wazazi waliuliza habari za watoto wao zinawekwa wapi na kwa muda gani. Mwezi wa Novemba 2014, baada ya maswali hayo kuandikwa katika gazeti la New York Times, kampuni ya ClassDojo iliahidi kufuta pointi za tabia kila baada ya mwaka mmoja wa shule. Ikiwa wao waliona kuna haja ya kufuta, sisi tuna haja kubwa zaidi ya kutoandika tangu mwanzo.

5. Habari mbaya inayofika nyumbani. Katika familia nyingi simu ni moja, na si lazima iwe mikononi mwa mama anayemlea mtoto. Ujumbe kwamba mtoto amepoteza pointi tatu ukimkuta baba au mjomba aliyechoka na mwenye mawazo, fimbo iliyoondolewa shuleni inamngoja mtoto nyumbani. Na wale wasio na simu au mega za intaneti wanabaki nje, kana kwamba watoto wao hawana wazazi.

Kuna pia jambo la wakati. Tuseme darasa lina watoto 60 na vipindi 6 kwa siku. Mwalimu akitaka kumwekea kila mtoto alama moja katika kila kipindi, atagusa simu mara 360. Kila mguso ukichukua sekunde 5, ni dakika 30 za masomo zinazopotea kila siku. Mwalimu atakuwa karani wa simu yake.

Namna ya kufanya kwa simu moja au bila simu

Hatusemi kwamba vyombo hivi vikataliwe. Tunasema kwamba tuchukue moyo wake, yaani kutazama mema, kuyataja palepale, na kuyahesabu kwa haki, kisha tuyafanye kwa namna inayofaa darasa lililochanganyika. Hatua ni hizi.

Hatua ya kwanza: kanuni chache zinazokubaliwa na wote. Mwalimu akae na watoto, wachague kanuni tatu au nne. Ziseme linalotakiwa kufanywa, si linalokatazwa tu. Kwa mfano: "Mmoja akisema, wengine tunasikiliza." "Tunagawana kitabu na nafasi kwenye benchi." "Tukikosana, tunamwita mwalimu kabla ya kurusha mkono." Ziandikwe ubaoni, na zisemwe katika lugha ambazo watoto wanazielewa.

Hatua ya pili: vikundi vilivyochanganywa. Darasa la watoto 60 ligawanywe katika vikundi 6 vya watoto 10. Njia nzuri ni kupiga kura kwa vipande vya karatasi mbele ya wote, ili asiwepo wa kusema kwamba amechaguliwa kwa kabila au kwa undugu. Baadaye mwalimu atazame kama kila kikundi kina wavulana na wasichana, wenyeji na waliohama. Vikundi vipewe majina ya miti, ndege au rangi. Visipewe kamwe majina ya mahali watoto walikotoka. Kila mwezi vibadilishwe.

Hatua ya tatu: chupa moja ya darasa. Katika mchezo wa mwaka 1969 vikundi viliandikiwa makosa. Sisi tunashauri kuhesabu mema tu. Kikundi kikifanya jema, mwakilishi wake anatia punje ya mahindi au jiwe dogo katika chupa ya plastiki iliyo wazi mbele ya darasa. Chupa ni moja kwa darasa lote. Kwa hiyo jema la kikundi cha Kanga linawafaidi pia watoto wa kikundi cha Njiwa, na asiwepo anayefurahi mwenzake anapokosa. Punje haiondolewi kamwe. Jema lililotendwa jana halifutwi na kosa la leo.

Hatua ya nne: kutaja tendo, si kumpamba mtoto. Kusema "Wewe ni mtoto mzuri" hakumfundishi mtoto kitu, na kunawafanya wengine wafikiri kwamba wao ni wabaya. Afadhali kusema: "Kikundi cha Msonobari, mmemsogezea mwenzenu benchi bila kuambiwa. Tieni punje." Hapo darasa zima linajua ni tendo gani linaloheshimiwa.

Hatua ya tano: zawadi isiyonunuliwa. Chupa ikijaa hadi alama iliyochorwa, darasa lote linapata jambo la furaha: wimbo, hadithi, mpira wa dakika 15, au somo moja chini ya mti. Pesa, pipi na sabuni zisitumike. Zinaleta wivu kwa wazazi wenye njaa, na siku zikikosekana tabia nayo itakosekana. Kadiri watoto wanavyozoea, mwalimu apandishe alama ya chupa kidogo kidogo, hadi siku ambapo darasa linakaa vizuri hata chupa ikisahauliwa.

Hatua ya sita: simu kama daftari la mwalimu. Mwenye simu anaweza kuitumia mara mbili kwa siku, kabla ya mapumziko na kabla ya kwenda nyumbani, akiandika ni punje ngapi kila kikundi kilitia. Ni alama 12 kwa siku, kazi ya dakika moja au mbili. Haihitaji intaneti. Aandike majina ya vikundi, si ya watoto. Sauti ya simu izimwe, kwa sababu wapo watoto wanaoshtuka. Pasiwe na picha za watoto. Mwisho wa muhula hesabu zifutwe. Asiye na simu afanye hivyo hivyo katika daftari, na daftari lifungiwe mahali salama.

Ijumaa, mwalimu atumie hesabu hizo kujipima mwenyewe. Kikundi gani hakikutajwa juma hili? Ni watoto gani sikusema nao neno jema hata moja? Je, ni wale waliofika mwisho, wale wanaokaa nyuma, wale wasiojua Kifaransa? Hapa ndipo hesabu ina faida kubwa kuliko zote, kwa sababu inamwonyesha mwalimu jicho lake linatazama wapi. Jibu la maswali hayo libaki kichwani mwake. Lisiandikwe.

Hatua ya saba: mtoto anayekosea apate sikio. Kutoondoa punje si kuacha makosa yapite. Mtoto akipiga, akitukana au akivuruga, mwalimu amsimamishe kwa utulivu, kisha wakati wa mapumziko amuulize pembeni mambo matatu: Ni nini kilitokea? Ni nani aliyeumia? Utafanya nini ili kutengeneza? Kama amevunja, asaidie kutengeneza. Kama ametukana, arudishe heshima ya mwenzake. Na jambo likirudi mara nyingi, au mtoto akionyesha woga mkubwa, kilio cha mara kwa mara au usingizi usioeleweka, mwalimu amtafute mzazi kwa upole na wafike pamoja kwenye kituo cha afya au kwa wahudumu wanaosikiliza watoto waliopatwa na mambo magumu.

Mzazi apate habari gani?

Tunashauri ujumbe wa shule kwenda nyumbani uwe wa mema kwanza. Ujumbe mfupi wa simu unatosha: "Leo mtoto wako alimfundisha mwenzake kuhesabu." Asiye na simu anaweza kupata maneno hayo kwa mdomo, kupitia mjumbe wa komite ya wazazi au mama jirani. Mzazi aliyehama ambaye amesikia mwalimu wa ugenini akimsifu mtoto wake ataingia katika mkutano wa shule kwa uso mwingine. Habari za makosa zisipelekwe kwa ujumbe. Zisemwe uso kwa uso, baada ya mwalimu kumsikiliza mtoto.

Nyumbani nako mambo haya yanawezekana, hata katika chumba kimoja cha turubai. Mama au baba akitaja kila jioni jema moja alilomwona kila mtoto akifanya, hajatumia hata faranga moja. Lakini watoto wasilinganishwe. "Kwa nini wewe huwi kama dada yako?" ni neno linalopanda ugomvi ndani ya nyumba.

Maswali ya kumuuliza direkta wa shule

Kama shule au shirika fulani linataka kuleta programu ya kuhesabu tabia kwa simu au tableti, viongozi na komite ya wazazi waulize kwa heshima, kabla ya kazi kuanza:

1. Ni habari gani za watoto zitaandikwa? Je, majina yao ni ya lazima?
2. Nani ataziona? Zitawekwa wapi, na zitafutwa lini?
3. Familia ikihama ghafula, habari zake zitabaki na nani?
4. Je, pointi zitaonyeshwa mbele ya watoto wote?
5. Je, mtoto anaweza kupoteza pointi kwa kuchelewa, kukosa uniforme au kukosa daftari?
6. Wazazi wasio na simu watapataje habari?
7. Nani atalipa umeme na unite, mradi ukiisha?
8. Mzazi asiyeridhika atapeleka wapi malalamiko yake?

Direkta mwema hatakasirika kwa maswali haya. Yatamsaidia yeye pia kuwauliza walioleta chombo hicho. Na kama kwa swali la pili au la tatu hakuna jibu, wazazi wana haki ya kusema: tungojeni kwanza.

Mambo ambayo pointi haziwezi kufanya

Tusidanganyane. Hakuna chupa wala simu itakayomshibisha mtoto mwenye njaa, itakayomlipa mwalimu mshahara wake, au itakayoongeza madarasa mahali pa watoto mia chini ya bati moja. Mambo hayo yanabaki kudaiwa kwa wenye madaraka, na viongozi wasiache kuyadai. Lakini kati ya leo na siku yatakapotimizwa, mtoto anakaa darasani kila asubuhi, na kila asubuhi anajifunza jambo juu ya mwenzake wa kando: kwamba ni adui wa kushindana naye, au ni mtu wa kusaidiana naye kujaza chupa moja.

Kwa hiyo tunaziomba komite za wazazi ziweke jambo hili katika mkutano wao ujao. Wamwite mwalimu mmoja wa mwaka wa 1 au wa 2 aliye tayari kujaribu kwa mwezi mmoja, katika darasa moja tu, kwa chupa na punje za mahindi. Mwisho wa mwezi, mzazi mwenyeji mmoja na mzazi aliyehama mmoja waende pamoja kutazama darasa hilo, kisha warudi kuwaeleza wengine walichokiona. Kama watoto wanagombana kidogo kuliko mwanzo, darasa la pili lifuate. Kama sivyo, watoto waulizwe sababu. Mara nyingi wao ndio wanaoijua.